Nilivyozifuata Sufuria Mbweni

Niliondoka Segerea kwa sababu mjukuu wangu Mwanaidi alinipigia simu kutoka bweni, analia. Mwalimu wake wa fizikia kule Mbweni amemwondoa kwenye mashindano ya Dodoma, kisa darubini yake inatoa picha mbovu, imejaa mikwaruzo. Mikwaruzo niliitia mie.

Darubini yenyewe ni sufuria mbili zilizokatwa matako, moja ndani ya nyingine. Alinieleza likizo: ile mionzi ya hospitali ya kupigia picha mifupa, hata nyota zinaitoa. Ukiikinga kwa kioo uso kwa uso, hairudi. Lazima iparaze ukuta wa chombo, kama kijiwe kinachorushwa kikarukaruka juu ya maji. Yeye kwa mfano wake alitumia tochi, mwanga wa sufuria zote mbili ukutane nukta moja. Wiki tatu alizisugua sufuria kwa ndani, kwa kitambaa na dawa laini ya kung'arishia. Siku ya kuondoka nikaona weusi wa dawa kwenye kingo. Chombo hakitoki kwangu kwenda kwa watu kikiwa kichafu. Nikazipiga mchanga na majivu, zikang'aa.

Saa tatu asubuhi, Tegeta. Nimeshabadilisha magari mawili, hasira iko palepale. Dereva wa bajaji akaniuliza kama naenda harusini na khanga mpya hiyo. Nikamwambia naenda kugomba.

Saa nne, shuleni. Mwalimu, kijana wa tai, alinipa shikamoo na kiti. Shikamoo niliitikia, kiti nikakiacha. Akawasha tochi mbele ya darubini. Ukutani zikatokea nukta mbili, kila moja na ukungu wake. Akasema yote hayo ni mikwaruzo. Mwanaidi, aliyesimama kando yangu, akaninong'oneza kwamba mwalimu aliifungua darubini kutazama ndani, akazikaza skrubu mwenyewe.

Nikaziba sufuria ya ndani kwa upindo wa khanga. Nukta moja ikafa. Ya pili ikabaki na ukungu wake.

"Ukungu ni wangu, mwalimu," nikamwambia. "Mie ndiye niliyesugua. Hiyo nukta nyingine ya nani?"

Alilegeza skrubu, akainyoosha sufuria ya ndani, unene wa ukucha tu. Nukta zikasogeleana zikawa moja.

"Samahani, bibi. Niliikaza kombo."

"Usiniombe mie. Jina lake lirudi."

Akaliandika mbele yangu, akaturuhusu turudi na darubini nyumbani, mradi ukungu upungue kabla ya Ijumaa.

Saa kumi, Segerea. Nimejifunza kwamba kinachong'aa si lazima kiwe laini, na kwamba aliyekaza skrubu naye aulizwe. Nilinyoosha mkono nisaidie kusugua. Mwanaidi akanisogezea kigoda mbali na sufuria, akasema, "Bibi, we kaa hapo."

Nimekaa. Nimenuna, lakini nimekaa.