Anwani Ndani ya Kifuniko

Kila kasha lililotoka mikononi mwa Jamaldin lilikuwa na mistari miwili ndani ya kifuniko, mahali usipopaona mpaka ulifungue: jina lake, na chini yake anwani yake ya barua pepe. Aliichonga kwa patasi nyembamba baada ya kumaliza kupigilia njumu, zile misumari ya shaba za urembo, na siku hiyo hakutaka mtu amsemeshe.

Hakuiweka kwa majivuno. Mvule uliozoea unyevu wa Mji wa Kale ukipelekwa nchi za mbali zenye hewa kavu husinyaa, na kasha huweza kufanya ufa. Jamaldin aliwaahidi wateja wake wote jambo moja: likikusumbua niandikie, nitakwambia la kufanya, hata ikipita miaka ishirini. Nao walimwandikia. Walituma picha ya ufa, naye akajibu kwa vidole viwili kwenye simu: liondoe dirishani, lipake mafuta kidogo kidogo, na gundi usiiguse.

Basi asubuhi moja jirani yake Abdulbasit, muuza udi wa mlango wa pili, akaja kwenye baraza la kahawa na uso umemshuka. Alikuwa amebadilisha simu, na tangu hapo imeli yake imekataa kufunguka. Wiki ya tatu hiyo.

"Wameniuliza kama mimi ni mimi," alisema. "Nikawaambia ndiyo, nani mwengine? Wakasema watanitumia namba ya kuthibitisha. Nangoja, nangoja. Kumbe wameituma kwenye imeli ileile waliyonifungia!"

"Wamekufungia nje na ufunguo wameuacha ndani," akasema mmoja wa wanywa kahawa, na baraza zima likacheka.

Jamaldin hakucheka. Kikombe kilikuwa kimesimama karibu na mdomo wake, na kichwani alikuwa akihesabu makasha. Yalikuwa mia mbili na kumi na moja, yametapakaa ulimwenguni, na yote yanaelekeza kwenye mlango mmoja. Mlango huo ukifungwa, ahadi yake ingebaki maandishi matupu kwenye mbao.

Adhuhuri mkewe, Mwanakuu, alimtazama akiuchezea wali kwa kidole.

"Baba Shifa, mchuzi umekuudhi?"

"La. Ni imeli."

"Imeli imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Naogopa itafanya."

"Subhanallah! Watu huugua maradhi, wewe waugua maradhi ya mwakani. Kula, kisha uende kwa Bi Zilpah."

Bi Zilpah alikuwa na duka la kompyuta kule Bondeni, na ndiye aliyemfungulia anwani ile zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita, alipokuwa bado mgeni mjini na hajui kutofautisha kaimati na mahamri. Sasa alikuwa mwenyeji, miwani puani, na aliwatania wateja wake kuliko mwenyeji yeyote.

"Masalkheri, fundi. Leo umekuja na miguu yako? Kuna msiba?"

Jamaldin akamweleza. Alitaka kampuni ya pili ya imeli, ya akiba, ili ile ya kwanza ikimgeuka awe na pa kuhamia.

"Ziko tele," akasema Zilpah. "Wataka ipi?"

"Ile madhubuti."

"Zote zasema ni madhubuti."

"Hata mbao zote dukani husema hivyo," akajibu Jamaldin. "Mimi hukata kipande, nikakiweka juu ya paa, kipigwe na jua na mvua, ndipo niseme. Nifungulie mbili. Tuzijaribu."

Zilpah akamfungulia mbili. Kwa mwezi mzima Jamaldin alizipiga jua na mvua: akazitumia picha nzito za makasha, akasahau neno la siri kwa makusudi ili aone atasaidiwaje, na kila moja akaiandikia swali lilelile: *Siku nikitaka kuondoka, mtanipa barua zangu zote niende nazo?*

Kati ya hizo mbili, ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, rangi kama leso za sikukuu. Swali lake haikulijibu. Zilpah alipoyasoma masharti akakuta kwamba anwani isiyofunguliwa kwa miezi kadhaa hufutwa na vyote vilivyomo.

"Yaani akiba yangu nikiiweka kama akiba, waitupa?" akauliza Jamaldin.

"Ndivyo walivyoandika."

Ya pili haikuwa na urembo wowote. Lakini siku ya pili mtu alimjibu, tena kwa upole, akamweleza hatua za kuzitoa barua zake na kuzipeleka popote apendapo. Jamaldin aliusoma ujumbe ule mara mbili.

"Hii," akasema. "Mwenye nyumba anayekuonyesha mlango wa kutokea hana nia ya kukufungia."

Jioni ile Zilpah akanakili barua zote za zamani kwenye nyumba mpya, akamwandikisha Jamaldin namba za dharura, za kufungulia akifungiwa nje, kwenye karatasi aliyoitia ndani ya kasha lake la vifaa. Kisha akavua miwani.

"Na yale makasha, fundi? Yamechongwa anwani moja tu."

Hilo ndilo lililokuwa limemkaa kifuani. Kwa kuwa mlango wa zamani ulikuwa bado wazi, alikaa siku nne akimwandikia kila mteja, mmoja mmoja, akimpa anwani ya pili. Majibu yakaanza kuja, na picha za wajukuu, na za paka waliolala juu ya njumu. Bi Wendy, mwalimu mstaafu wa Kizingo, aliandika mstari mmoja: *Fundi, sasa niichonge ya pili kwenye kasha kwa kisu cha jikoni?*

Jamaldin akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akatafuta kipande cha shaba.

Kesho yake alikwenda Kizingo mwenyewe na kibao kidogo cha shaba chenye anwani zote mbili, akakifunga ndani ya kifuniko kwa skrubu nne. Tangu hapo kila kasha jipya likatoka na kibao kama hicho, na wateja wa mbali akawatumia vyao kwa posta. Jina alilichonga kama kawaida. Anwani akaitia skrubu, ili siku ikihama kibao kibadilishwe.

Mwanakuu alikuja karakanani na chai, akamkuta amekishika kibao.

"Na lile kasha langu la harusi," akasema, "ulilochonga jina langu? Nalo utalitia skrubu?"

"Lile halihami," akasema Jamaldin bila kuinua kichwa. "Nipe bisibisi hiyo hapo."

Anwani ya zamani haijafungwa mpaka leo. Hata hivyo kila Jumamosi, kabla hajashika randa, Jamaldin huifungua ile ya pili aone kama ingali yafunguka, na kuirudisha simu mfukoni.