Sisimizi wa Mnazi wa Mselem

Mselem wa Bodo alikuwa mchinjaji wa mbuzi, na ugonjwa wake wa kwanza, kabla ya huu nitakaoueleza, ulikuwa udadisi. Kila mbuzi aliyempasua alimchunguza. Alihesabu vyumba vinne vya tumbo kana kwamba jana vilikuwa vitatu, akayapuliza mapafu yajae, akaigeuzageuza nyongo juani. Wateja walifuata nyama wakaondoka na habari za matumbo yao wenyewe. Bi Biasha alikuja kununua nusu kilo, akaambiwa mbele za watu kuwa kwa anavyoinama, bandama lake limevimba. "Kilichovimba ni ulimi wako!" akajibu bibi huyo, akaenda zake bila kuaga.

Cheo cha mtu hakikumtisha. Ijumaa moja alimshika imamu mkono mlangoni pa msikiti, akamuuliza beberu amewekewa chuchu za nini, na sisi wanaume je? Imamu akasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. "Hilo nalijua, sheikh. Nauliza kama wewe wajua."

Basi bingwa huyu alikuwa na kidonda. Kabla ya Ramadhani kisu kilimponyoka kikamkata kidole cha mguu, na Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, ukaingia kidonda kingali wazi. Muhsina, binti wa dadake, nesi wa zahanati, kila akipita alimsema.

"Shikamoo mjomba. Twende nikakitazame hicho kidole."

"Marahaba. Mbuzi akijikata hujilamba akapona."

"Haya jilambe, nione hilo tumbo litakavyokuruhusu."

Mselem alicheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Kazi yake ni kusimama, na mchinjaji asiyeweza kusimama ni mteja kama wateja wengine.

Mbuzi wake waliletwa na Dzombo, Mduruma wa Mwereni, mtani wake tangu enzi za mababu zao. Kila Alhamisi Dzombo alifika na bodaboda, mbuzi wamefungwa nyuma, na kabla hajashuka matusi yalikuwa yameshaanza pande zote mbili. Kisha walikaa wakanywa chai. Mselem alitia vijiko vinne vya sukari, akashushia kaimati zilizokolea shira ya sukari. Choo kilikuwa mbali, kwa hivyo chai yote iliishia nyuma ya banda la nyama, chini ya mnazi.

Alhamisi moja Mselem aliona sisimizi wamepanga safu kutoka kwenye nyasi hadi chini ya mnazi, wamejazana pale penye unyevu kama walioalikwa maulidi. Akashtuka. Alikuwa amesikia kuwa mkojo wa mwenye sukari hupendwa na sisimizi. Mgonjwa ni nani basi? Hapo ucha Mungu wake ukampoteza. Yeye hakwenda haja bila birika. Alitawadha, akamwaga na maji yaliyobaki. Dzombo alijikung'uta tu akafunga suruali. "Wangu nimeuosha," Mselem akakata shauri, "huu ni wa Dzombo." Kwa nini siku hizi alilijaza birika mara tisa kabla ya adhuhuri, na kiu isiyokwisha ilitoka wapi, mdadisi wetu hakujiuliza.

"Una sukari, we kafiri!" akamwambia, akamnyang'anya kikombe. "Ukinifia mapema hivi, nitamtukana nani?" Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa na hofu ya kweli, maana alimpenda mtu yule. Akampigia simu Mbodze, mke wa Dzombo, akamweleza hali ya kongosho la mumewe kana kwamba amelishika mkononi. Mbodze akaificha sukari. Dzombo akasusa, wiki tatu mbuzi waliletwa na dereva wa bodaboda peke yake.

Alhamisi ya nne alitokea mwenyewe, amefura, yuko na Muhsina.

"Nesi amenidunga! Sukari yangu ni tano nukta mbili, salama salimini! Wiki nne nakunywa chai chungu kwa ajili ya kichwa chako kibovu!"

"Na wale sisimizi?"

Wakaenda nyuma ya banda. Sisimizi walikuwepo, wengi kuliko mwanzo.

"Baba Dzombo," Muhsina akauliza, "mara ya mwisho kukojoa hapa ilikuwa lini?"

"Wiki nne zimepita. Tangu hapo nimekanyaga lini huku?"

Muhsina akalitazama birika, lingali likidondosha maji.

"Mimi huosha," Mselem akasema.

"Unajiosha wewe, mjomba. Mkojo huuoshi, sukari yake hubaki mchangani."

Akamdunga kidole cha mkono palepale. Mtu aliyechinja mbuzi maelfu akapiga ukelele hadi kuku wakatimka. Kipimo kikasoma ishirini na sita. Mselem akaketi mchangani, akautazama mguu wake. "Naogopa, Muhsina," akasema. Dzombo alikuwa na haki ya kucheka mwaka mzima, lakini siku hiyo hakucheka. Alimpakia kwenye bodaboda, mahali pa mbuzi, akampeleka hospitali.

Kidole kilikatwa. Mguu ulibaki. Daktari alisema angekawia wiki moja tu, nao ungekwenda. Mselem, aliyetiwa ganzi kiunoni, alidai aonyeshwe kidole chake, akakigeuza. "Kumbe kano zetu nyeupe kama za mbuzi," akasema. Manesi wakadhani amerukwa na akili.

Kiungo cha mtu huzikwa, nao wakakizika chini ya mnazi, ndani ya kitambaa cheupe. Dzombo akajitupa juu ya kishimo cha shubiri moja, kama mtani anavyozuia maziko, akalia kwa sauti: "Ewe kidole! Umeuawa na vijiko vinne!"

"Wangezika ulimi," akasema Bi Biasha.

Ndipo Dzombo akainuka, akatoa mfukoni sukari iliyofungwa kwenye karatasi, akaimwaga yote juu ya kaburi. "Hii ndiyo niliyonyimwa. Kula wewe uliyeitaka."

Mselem alicheka mpaka akatokwa na machozi, na kicheko kilipokwisha machozi hayakukoma. "Dzombo, mguu huu ni wako," akasema.

"Basi usiulishe kaimati."

Mkeka wa maziko haujakunjwa, sisimizi wakawa wamefika. Mselem akaegemea gongo lake, akainama polepole aone wametokea wapi.