Doa Jeusi la Mwalimu Teofila

Mwalimu Teofila Wrona, jirani yangu wa ghorofa ya juu, alibakiwa na wiki moja kuokoa chumba chake cha fizikia. Mkuu wa shule, Gawlik, alitaka kukigeuza stoo ya viti. "Nionyeshe kitu kimoja kinachohitaji chumba kizima," alimwambia, "la sivyo Ijumaa viti vinaingia."

Mwalimu alinikuta jikoni nikimnyonyesha mwanangu Kostek. Hakuketi. Alichukua njiti mbili za kiberiti.

"Jagna, tazama. Chembe ya mwanga ina njia mbili za kufika ukutani. Kila njia ina mshale wake, na njia ikirefuka kidogo tu, mshale unazunguka kama wa saa. Unaunga mishale kwanza, mkia wa huu kwenye ncha ya ule. Urefu unaobaki uuzidishe kwa wenyewe, ndipo upate uwezekano wa chembe kutua pale."

Akalaza njiti moja ikienda, nyingine ikirudi.

"Mbona umerudi ulikoanzia?" nikasema. "Hakuna kitu."

"Ndiyo. Giza. Ziba njia moja, panawaka."

Mimi niliishia darasa la nane, nikaingia kiwanda cha nyuzi, lakini njiti niliziona. "Sasa shida nini?"

"Tramu, lile gari la reli la barabarani. Ikipita nje ya shule, vioo vinavyogawa mwanga njia mbili vinatetemeka, mishale inayumba, doa langu jeusi linafutika. Nipe tyubu za baiskeli ya Zbych, zimeze mtetemo."

"Mume wangu aende kazini na nini?"

"Miguu anayo."

Ijumaa nilikwenda shuleni na Kostek mkononi. Vioo vilisimama juu ya jiwe zito, na jiwe juu ya zile tyubu zilizojazwa hewa, zote juu ya meza ndefu. Viti vilikuwa tayari vimejaa mlangoni. Tramu ikapita, doa likatikisika kidogo, likatulia, jeusi.

"Ziba njia moja, mkuu. Kwa mkono wako," Mwalimu akasema.

Gawlik akaziba. Doa likawaka. Akaondoa mkono, likazimika. Akarudia, na tena, uso umekunjamana.

"Nimefungua njia ya pili, mwanga umepungua?"

"Unajumlisha uwezekano wa kila njia. Jumlisha mishale kwanza."

Gawlik akasema, "Nakuachia nusu ya chumba."

"Nusu ya dirishani. Na viti visiguse meza."

"Tuko sokoni hapa, mwalimu?"

"Meza ina urefu wake, mkuu, inavuka nusu hiyo."

Gawlik alishaanza kuvuta kiti cha kwanza kukirudisha koridoni.