Difu Iliyofungwa kwa Sala

Elimringi ameshika usukani wa malori miaka ishirini na mbili, na miaka yote hiyo hajawahi kumcheka mtu asiyejua magari. Asiyejua hajui tu, basi. Lakini mtu asiyejua gari halafu akuchagulie difu, huyo Elimringi hana subira naye, hata kama ni kaka yake wa kwanza, hata kama ni mzee wa kanisa, hata kama ndiye aliyemlipia ada mpaka akamaliza shule.

Lori lenyewe ni la ukoo. Ndugu sita wa Nkoaranga walichanga hela za kahawa na ndizi msimu hadi msimu mpaka likapatikana, na Elimringi, wa tano kuzaliwa, akapewa aliendeshe kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa na leseni ya malori. Anakaa Kimandolu na mkewe Eunike, na lori hulala uani kwao. Mwaka huu ukoo ukaongeza tela. Hemant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alikuwa na kazi ya kupandisha saruji na nondo Oldonyo Sambu kunakojengwa matangi ya maji, safari nne kila wiki kwa miezi sita, na alitaka lori lenye tela. Kazi nono kama hiyo haiji kila siku, na Elimringi ndiye aliyeitafuta.

Wiki ya kwanza tu difu ikafa. Ililia siku mbili, ya tatu ikatoa kishindo kimoja kibaya na lori likagoma kusogea. Fundi Abdiel, ambaye gereji yake haiko mbali na nyumbani kwa Elimringi, akalifungua lile bonge la chuma la katikati ya ekseli ya nyuma, akakuta gia zimesagika. Akazunguka kwenye maduka ya spea za mtumba, akarudi na habari ya difu mbili, zote nzima, zote bei ileile. Gia kubwa kwenye zote mbili ilikuwa na meno thelathini na saba. Tofauti ilikuwa kwenye ile gia ndogo inayoizungusha: ya kwanza ilikuwa na meno sita, ya pili saba.

"Chukua ya sita," alisema Abdiel huku akifuta mikono. "Ya saba inakimbia, ya sita inavuta. Na lile tela lako, na ule mlima wa kwenda Oldonyo Sambu, ya saba itakutesa. Hata usiulize mtu."

Sasa hapo ndipo penye tatizo. Lori la ukoo haliguswi bila kuuliza watu.

Jumapili baada ya ibada wakakaa sebuleni kwa Sumari, kaka mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha hesabu miaka thelathini. Kulikuwa na loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, kwenye mabakuli na chai ya kutosha. Nyumba ile watu husema kwa kufuata umri, na mdogo harukii zamu ya mkubwa. Sumari akaanza. Akauliza difu zikoje, akaelezwa, akatabasamu kama mtu aliyepewa swali la darasa la pili.

"Saba na sita, ipi kubwa?" akauliza. "Jino likizidi, nguvu inazidi. Hata mdomoni ni hivyo. Mwenye meno mengi ndiye anayetafuna mahindi ya kuchoma."

Watu wakacheka. Wa pili akasema kaka amemaliza yote. Wa tatu akasema naye alitaka kusema hivyohivyo. Wa nne, dada yao Elinipa, akauliza kama chai bado ipo. Elimringi akaweka bakuli chini, akakohoa kidogo, maneno yote yamejipanga mdomoni: kwamba kwenye ile gia ndogo hesabu inageuka, meno yakipungua ndiyo nguvu inaongezeka. Sumari akasimama. "Basi, kwa kuwa tumeelewana, tuombe."

Jamani, sala ilikuwa nzuri. Ilimshukuru Mungu kwa mvua, ikawaombea wagonjwa, ikaitaja difu ya meno saba waziwazi, ikamwombea na dereva wake. Na pale kwao jambo likishafungwa kwa sala halifunguliwi tena. Anayelifungua haonekani kumdharau kaka tu, anaonekana kumdharau na Yule aliyeombwa. Elimringi akasema amina pamoja na wengine. Mpaka leo ukitaka kumuudhi, mkumbushe amina ile.

Kesho yake alirudi, akamkuta Sumari shambani anapogolea kahawa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeshafunga difu?"

"Ndiyo maana nimekuja, kaka. Ile ya saba..."

"Si tumeshaomba?"

"Tumeomba, lakini fundi anasema..."

"Lakini, baada ya amina?" Sumari alimtazama kwa masikitiko ya kweli, kama amesikia mdogo wake anakunywa gongo. Elimringi akaaga akaondoka.

Difu ya meno saba ikafungwa. Kwenye tambarare lori lilikwenda raha mustarehe, na ndugu waliopishana nalo barabarani walipiga simu kusifu. Lakini Hemant hakuwa anapeleka saruji tambarare. Ukishaipita Ngaramtoni barabara inaanza kupanda, na pale panapokaza lori lilishuka gia ya nne, ya tatu, ya pili, ya kwanza, halafu likazima. Klachi ikanuka hadi ndani ya kabini. Utingo wake Lemburis, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa anakimbia na jiwe kulikinga tairi lisirudi nyuma, huku akisema kwa Kimaasai maneno ambayo Elimringi hakuomba kutafsiriwa.

Ikabidi wakate tela, waliache pembeni, wapande na lori peke yake, washushe, wageuze, waje kulifuata tela. Safari moja ikawa mbili. Siku iliyokuwa iishe saa nane ikaisha magharibi. Safari nne za wiki zikawa mbili na nusu, na mafundi wa matangi wakakaa wanacheza bao wakisubiri saruji.

Hemant hakugomba. Alimwita dukani, akamkaribisha kiti. "Bwana Elimringi, wewe nakuamini. Lori silielewi. Mpaka Jumatatu ijayo, kama bado linapanda nusunusu, nitatafuta mwingine. Usinichukie."

Habari zikafika Nkoaranga, na zilipofika zilikuwa zimebadilika: dereva anaogopa mlima. Elimringi alitukana peke yake kwenye kabini siku nzima. Basi Sumari akasema atapanda naye aone kwa macho yake. Akaja na koti la ibada. Pale panapokaza lori likazima kama kawaida, na kwa kuwa jiwe moja halikutosha, mzee wa kanisa akashuka, akabeba jiwe la pili kifuani, vumbi jeupe likajaa kwenye koti. Wakapanda bila tela, wakashusha mzigo, wakaanza kushuka kulifuata.

"Nimeelewa," alisema Sumari. "Abdiel alikuwa sahihi."

Elimringi akaanza kupiga mluzi, mara ya kwanza katika wiki tatu.

"Lakini siwezi kusimama mbele ya ndugu niseme sala ilikosea," Sumari akaendelea, taratibu, kama anaandika ubaoni. "Sala ile tuliiombea difu ile, na wewe dereva wake. Ila dereva akibadilika, jambo linakuwa jipya. Jambo jipya lina kikao chake, na difu yake. Manase ana leseni ya malori sasa."

Manase ni mwanawe Sumari, anaendesha pikapu ya ofisi moja Njiro. Elimringi aliendelea kuangalia barabara. Alitaka kusimamisha lori amshushe palepale.

"Sikulazimishi," akasema Sumari. "Amua mwenyewe kabla ya Jumapili."

Eunike aliposikia aliacha kumenya ndizi. "Kwa hiyo anayejua ndiye anayetoka?"

"Nisipotoka, Jumatatu Hemant anatafuta mwingine, na lori linakaa hapa uani tulitazame wote."

"Na wewe utafanya nini?"

Alikuwa na hasira tu, nyingi, na hakukuwa na wa kumpelekea. Jumapili akaweka funguo mezani kwa Sumari mbele ya watu wote. Wakamwombea dereva mpya na difu yake mpya. Jumatatu alfajiri Abdiel akamaliza kufunga ile ya meno sita, ambayo kwa bahati ilikuwa bado dukani, na Elimringi akamkalisha Manase kwenye kiti chake.

"Baba mdogo, pale panapokaza niwe gia gani?"

"Ya tatu. Iweke mapema, ukishaiweka usiguse klachi. Itavuta yenyewe."

Ndugu walitangulia na pikapu ya kukodi kwenda kushuhudia. Wakasimama pembeni mwa barabara juu kabisa, Elimringi katikati yao. Lori likatokea chini, tela nyuma yake limejaa, likapanda polepole bila kukohoa hata mara moja, mlio mmoja mzito tangu chini hadi juu. Likawapita, Manase akapiga honi.

Sumari aligeuka kwa ndugu zake, uso unang'aa. "Mmeona? Tatizo lilikuwa dereva."

Wote wakakubali. Elinipa akamshika Elimringi mkono, akamwambia asijali, kila mtu na kipaji chake. Walipofika kwenye matangi, Elimringi akavua koti, akapanga foleni na vibarua kushusha saruji.