Konokono wa Mfuko wa Shati

Eufrazia aliokota makombe ufukweni Mbweni kwa miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuumizwa na kitu zaidi ya kuchubuliwa na mwamba. Siku za bamvua, maji yanapokauka asubuhi na mwamba kubaki wazi, alitoka Bunju na ndoo yake, akarudi na makombe ya kuwauzia wenye vibanda vya vinyago. Mumewe, Fransis, alikuwa mchongaji. Wote wawili kwao Newala. Jioni walikaa uani, yeye akisugua makombe kwa mswaki mkuukuu, Fransis akipiga msasa mpingo, na binti yao Editha akisoma kwa sauti. Hawakuwa watu wa maneno mengi, ila hawakuwahi kuchokana.

Oktoba mwaka jana mteja mmoja alimwagiza Fransis kasha lenye kombe zima juu ya kifuniko, tena lisilopauka. Makombe yaliyokufa zamani hupaushwa na jua. Linalong'aa ni lile ambalo konokono mwenyewe bado yumo ndani.

"Twende wote ukachague," Eufrazia alimwambia.

Walilipata chini ya jiwe: jepesi, refu kama kidole cha kati, rangi ya maziwa, limechorwa mistari ya kahawia kama ramani. Eufrazia aliwaona konokono wa aina ile mara chache. Mmoja aliwahi kumwona kidimbwini akifungua mdomo mpana kama mfuko na kummeza samaki mzima mzima. Kilichomshangaza ni kwamba samaki alitulia tu, hakupapatika.

"Usilitie kwenye ndoo, mengine yatalikwaruza," alisema. "Tia mfukoni."

Fransis akalitia kwenye mfuko wa shati. Haukupita muda akajishika kifua. "Kama nimechomwa na nyuki." Wakafungua vifungo, wakaona kidoa chekundu kisichozidi kichwa cha pini. Fransis akacheka, wakaendelea kuokota.

Baadaye kidogo akasimama. "Mama Editha, midomo imekufa ganzi."

Kope zikamlegea, ulimi ukawa mzito kama wa mlevi, kisha miguu ikamwishia nguvu. Wavuvi wawili waliokuwa wakitafuta pweza wakamsaidia Eufrazia kumbeba hadi barabarani. Wakampakia kwenye bodaboda, Eufrazia akakaa nyuma yake na kumkumbatia asianguke. Njiani aliendelea kumsemesha. Alisikia pumzi zikifupika chini ya mikono yake, mpaka hakusikia kitu.

Zahanati waliuliza alikula nini, wakatafuta alama za meno ya nyoka miguuni. Eufrazia aliwaonyesha lile kombe. Hakuna aliyelijua. Kabla ya adhuhuri Fransis alikuwa ameshafariki, na kwenye cheti wakaandika kushindwa kupumua.

Msibani alikuja Marselino, kaka mkubwa wa marehemu, anayeishi Mbagala. Baada ya maziko alimwita Eufrazia pembeni.

"Shemeji, asubuhi ile alikunywa nini?"

"Chai, na muhogo."

"Nani alipika?"

"Mimi."

Eufrazia akamletea kombe kwenye sahani. Konokono alishakufa ndani na alikuwa ananuka. Marselino aliliangalia bila kuligusa. "Konokono amuue mwanaume mzima?"

Ndugu wa Fransis hawakumfukuza wala kumshtaki. Walimchukua Editha tu, mtoto wa miaka kumi na moja, wakampeleka kwa bibi yake Newala mpaka mambo yajulikane.

Eufrazia aliacha kuokota. Alikwenda ufukweni na kukaa. Huko ndiko alikokutana na Benedicta, mtafiti aliyekuwa akihesabu viumbe wa mwambani. Akamwonyesha kombe, akamweleza yote, na Benedicta akaketi mchangani karibu naye.

"Ndiye huyuhuyu, mama. Ana jino kama mkuki, hulirusha likapenya hata nguo. Hivyo ndivyo anavyowinda samaki."

"Dawa yake?"

"Hakuna. Sumu hupooza misuli ya kupumulia, lakini baada ya muda huisha yenyewe. Mtu akipuliziwa pumzi mdomo kwa mdomo, akifika hospitali akawekewa mashine, anaweza kupona."

"Apuliziwe na nani?"

Benedicta alimrudishia kombe. "Yeyote aliye karibu naye."

Eufrazia aliomba barua, na Benedicta akamwandikia yote hayo kwenye karatasi yenye mhuri. Kesho yake Eufrazia akaenda nayo Mbagala kumwomba shemeji yake amrudishie mtoto. Marselino aliisoma taratibu, akairudia, kisha akaikunja.

"Nisamehe, shemeji. Tulikusingizia."

"Nimesamehe."

Marselino hakumrudishia karatasi. Aliikunjua tena, akaweka kidole palipoandikwa mdomo kwa mdomo. "Kwa hiyo mlipompakia kwenye pikipiki alikuwa bado anapumua?"

"Ndiyo."

"Na nyuma yake alikaa nani?"

"Mimi."

Marselino akaikunja tena karatasi. Mkewe alileta maji, Eufrazia akayapokea na kushukuru. Alikuwa amepanga maneno ya kumwombea Editha, ameyarudiarudia njia nzima kutoka Bunju. Alikunywa maji, akaweka glasi chini, akaaga. Hakumtaja mtoto.