Siagi ya Nyumba ya Mwisho

Gudveig aliendesha greda la theluji miaka thelathini na mmoja mpaka alipostaafu, na hakuna mtu bonde zima aliyechelewa kazini akapata sababu ya kumlaumu yeye. Saa kumi alfajiri, baridi ya kupasua mawe, yuko barabarani, redio imefunguliwa hadi mwisho. Kutukana alikujua kwa ufasaha. Wanaume walioegesha magari ovyo walimwogopa kuliko polisi.

Lakini mwanamke huyo huyo, kila Novemba ikiingia, alikuwa anazimika. Mlima wa kusini hutuficha jua kuanzia Oktoba, na nyumba yake, iliyojibanza chini kabisa ya mlima, hailioni tena mpaka mwisho wa Februari. Sisi wengine hununa tu, tukala viazi na samaki, tukasubiri. Yeye kitu kilimkalia kifuani. Alimeza dawa za daktari, akakaa kila asubuhi mbele ya ile taa kali aliyopewa, na vilimsaidia, mtu asikudanganye. Lakini aliyemvusha hasa alikuwa mumewe, Asgaut, na penseli yake.

Jua letu likirudi huanzia kileleni mwa mlima wa ng'ambo, kisha kila siku mwanga hushuka kidogo. Asgaut alisimama kila adhuhuri kwenye dirisha la jikoni linalotazama mto, akachora kistari kwenye fremu kuonyesha ulipofikia.

"Leo limefika kwenye mawe mekundu," alisema. "Linajikokota kama mama yangu akienda kanisani, lakini linakuja, mke wangu."

Asgaut alifariki Septemba. Penseli ikabaki juu ya fremu, na Gudveig akalifunika dirisha kwa pazia zito.

Sasa, tuna desturi bondeni. Jua likifika kwenye nyumba, mwenye nyumba huweka kipande cha siagi dirishani, kikilainika ndipo tunasema limefika kweli. Nyumba moja baada ya nyingine, wiki baada ya wiki. Lakini maandazi ya jua, yale ya iliki tunayopika kulipokea, hayaonjwi na yeyote mpaka siagi ya nyumba ya mwisho iyeyuke. Waliotuwekea sharti hilo nadhani walijua vizuri mtu wa nyumba ya mwisho anakuwaje. Na nyumba ya mwisho ndiyo ya Gudveig.

Januari yote dawa zilikaa mezani na taa haikuwashwa. Alilala mchana. Alipofumbua macho swali lilikuwa lile lile: kesho ya nini? Hakumwambia mtu, maana mtu aliyewafungulia wenzake njia miaka thelathini na mmoja huona haya kusema yake imezibika.

Sigfast, mzee wa miaka themanini na mbili wa ng'ambo ya mto, akampigia simu.

"Gudveig, keshokutwa ndiyo siku yako."

"Mwaka huu kuleni tu, Sigfast. Nimechoka."

"Tule kabla ya siagi yako? Unataka nizikwe bila heshima?"

"Kwa umri wako utazikwa tu, heshima au hamna."

"Afadhali. Mdomo bado upo," mzee akasema, akakata simu.

Siku yenyewe ikapambazuka bila wingu. Karibu na saa sita Gudveig akasikia sauti nje. Akachungulia pembeni ya pazia: watu wamejaa darajani, vikapu vimefunikwa vitambaa, nyuso zote zimeelekea kwake. Wengine jua lilikuwa limewafikia tangu mwanzo wa mwezi, na hakuna aliyeonja andazi. Hasira zikampanda. Wamekuja kunionea huruma! Akalivuta pazia kwa nguvu, akafungua dirisha ili awafukuze.

Lakini macho yake yakanaswa na ukuta. Nyuma yake, kupitia kidirisha cha upande wa mlima ambacho hakuwahi kuhangaika kukiwekea pazia, jua lilikuwa limeingia. Lilivuka jiko lote likatua ukutani mbele yake, la manjano, zito, na juu ya fremu vikaonekana vistari vya penseli, mamia kwa mamia, miaka yote ya ndoa yao. Katikati ya mwanga ule alisimama mtu. Gudveig alishtuka, kisha akaelewa. Kilikuwa kivuli chake mwenyewe. Hakuwa amekiona tangu Oktoba. Akainua mkono, na kivuli kikainua mkono. Mungu wangu, akasema, na mwili wote ukamsisimka. Lile jua limetoka huko lilikotoka, limepita vilele vyote vile, likaja kumtafuta yeye jikoni.

"Siagi!" Sigfast akapiga kelele darajani. "Weka siagi, mwanamke!"

"Sina siagi!"

"Huna siagi? Ulikuwa unakula nini, misumari?"

Siku ya kwanza jua la nyumba ile hukaa dakika kumi na moja tu. Mzee akashika kisahani chake cha siagi akaanza kupanda njia, nyonga mbovu, theluji mpaka magotini. Gudveig akaona hatafika. Akatoka na soksi, hivyo hivyo, akakimbia. Alikuwa hajavuka mlango wake siku kumi na tisa. Walikutana kwenye sanduku la barua, na pale, akiwa amegeukia mlima, mwanga ukimpiga usoni na machozi yakimtiririka, alisimama kidogo akaota jua macho yamefumbwa.

"Utalia ukishafika," Sigfast akahema, akimpa kisahani. "Kimbia!"

Akakimbia. Alipoweka kisahani kwenye kidirisha cha mlima, jua lilizama nyuma ya jabali. Siagi ilikuwa ngumu kama jiwe.

Akatoka nje polepole. Watu walikuwa wameshapanda hadi uani.

"Haikuyeyuka," akasema.

Mtoto mmoja alitazama kikapu cha mamake, akafinywa.

"Kesho litakaa dakika kumi na saba," Gudveig akasema tena, akashangaa kujisikia. Hesabu zile zilikuwa za Asgaut. Hakujua kwamba amezihifadhi.

"Basi?" Sigfast akauliza.

"Basi njooni kesho."

Mzee akamkaribia, safari hii bila mzaha hata kidogo. "Na wewe utakuwepo?"

Gudveig alitazama soksi zake zilizoloa, kisha mlima wa ng'ambo, ambao wote sasa ulikuwa unawaka.

"Nitakuwepo."

Tukafunika vikapu vyetu vizuri, tukarudi majumbani na njaa zetu, na sijawahi kuona watu wenye njaa wakifurahi namna ile.