Nilimlipa Fundi kwa Friji Lake Mwenyewe

Niseme mapema kabla hamjaanza kunihurumia: nilifanya makusudi. Sikuteleza, sikusahau, wala shetani hakunipitia. Nilikaa, nikapanga, nikafanya. Jina langu sitalitaja, maana hapa Dodoma wapo ambao mpaka leo wanakuja kunywa kwangu na kunisifu.

Mimi ni mpishi wa pombe ya mtama. Mama yangu mzazi ndiye aliyenifundisha, kuanzia kuotesha kimea mpaka kuchuja. Kwetu mtu akitaka pombe ya harusi au ya kumaliza msiba, haulizi inauzwa wapi, anauliza nani anapika. Jina langu lilikuwa linatajwa, na nilikuwa najivunia.

Mwaka juzi ikaniingia tamaa ya usasa. Kuna fundi wa mafriji kule Kizota, nitamwita Elia, alikuwa na friji la bomba lililotumika, limetoka kwenye baa moja ya upande wa Chimwaga iliyofungwa. Ni friji fupi. Ndani unaweka pipa la chuma lenye pombe, kuna mtungi mdogo wa gesi wa kuisukuma, na juu kuna bomba. Ukivuta mkono wa bomba, pombe inashuka kwenye glasi ikiwa baridi. Nikajiona tayari nimewavuta watumishi wa Area D, wale wanaokunja pua wakiona ndoo na kata.

Nilimuuliza kuhusu ule mpira wa ndani, pombe inamopita. Elia akaniapia kwamba ameuosha mwenyewe kwa dawa, tena nisije nikaufungua, gesi itavuja. Nikaamini! Mimi ambaye hata mtungi wa jirani naunusa kabla ya kuutumia, nikaamini maneno ya mtu aliyepaka rangi juu ya kutu!

Pombe ya kwanza kupita kwenye bomba lile ilikuwa ya kumaliza matanga ya baba yangu. Mama aliniambia nivute kikombe kimoja nionje kwanza. Nikamjibu kwamba nimeshaionja jikoni na imeiva vizuri, asiwe na wasiwasi. Glasi ya kwanza akapewa baba mdogo, kama ilivyo desturi. Akanywa funda moja, akalitema pembeni, akanitazama mbele ya ukoo mzima.

"Hii ndiyo uliyompikia kaka yangu?"

Jamani! Watu waliweka glasi chini moja moja, wengine nusu, wengine hawakugusa kabisa. Baba yangu aliagwa kwa soda.

Wageni walipoondoka nikauchomoa ule mpira. Ndani ulikuwa umejaa ute mweusi, unanuka kama tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo. Kesho yake asubuhi nikaukunja kwenye mfuko, nikampelekea Elia palepale Kizota. Nilitaka aseme neno moja tu, kwamba kosa ni lake, ili nikawaambie ndugu zangu.

Alikuwa na wateja watatu. Hakuugusa hata huo mpira.

"Dada, kazi ya friji ni kupoza," akasema. "Mkono wa mpishi ukishachacha, hata nikikupa friji jipya la dukani, pombe itachacha tu."

Wateja wakacheka. Yeye naye akacheka, akaendelea na kazi yake. Mkono wangu! Mkono aliounyoosha mama yangu kwa miaka, leo unachekwa na mtu mwenye bisibisi!

Nilirudi nyumbani na mpira wangu, na sikuuosha. Niliurudisha mahali pake ndani ya friji, nikafunika friji kwa kitenge. Tangu siku hiyo nilikuwa nalipita kila asubuhi na kulisalimia kimoyomoyo.

Miezi minane baadaye simu ikaita. Alikuwa mke wa Elia, mama wa watu, hajui lolote kuhusu ugomvi wetu. Binti yao Sifa alikuwa anaagwa, na kamati ya sendofu ilitaka pombe ya mtama kwa ajili ya wazee wa upande wa mume, wanaotoka Mpwapwa. Nikamwambia nitakuja na friji langu la bomba, wakwe wanywe ya baridi. Alinishukuru mpaka akaniombea baraka kwa Mungu.

Nilifurahi, sitawaficha. Nilikata simu nikacheka peke yangu jikoni. Nilitaka wakwe wateme kama baba mdogo alivyotema, na Elia aangaliwe kama mimi nilivyoangaliwa.

Pombe yenyewe niliipika vizuri kuliko zote nilizowahi kupika. Mama alikuja kunisaidia kuchuja, akaionja, akasema hii sasa nimempita. Halafu akauliza kama ule mpira nimeubadilisha. Nikamtazama usoni, nikamwambia ndiyo, mama, nimenunua mpya.

Ukumbini ikawa vilevile nilivyotaka. Mzee wa kwanza alitema kwenye leso. Wa pili akasukuma glasi mbali. Minong'ono ikaanza kwenye meza ya wakwe kwamba wamedharauliwa, na mshenga akasimama kuuliza kulikoni. Moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma! Ila babu wa bwana harusi, mzee wa watu mwenye fimbo, alikunywa ile glasi yote mpaka chini, kwa adabu, asimwaibishe binti.

Ndipo Elia akachukua kipaza sauti. Mimi nikajiandaa kumwona akijiumauma.

"Wazee wangu, pombe ya mama huyu haina kosa," alisema. "Friji nilimuuzia mimi. Mpira nilijua ni mbovu nikamficha, na alipokuja kulalamika nikamcheka mbele za watu. Kama kuna wa kukasirikiwa ni mimi. Yeye mwacheni."

Ukumbi mzima ukanigeukia kwa huruma. Shangazi wa bwana harusi akaja kunishika bega, akaniita mwanangu. Neno nililolitafuta miezi minane nilipewa kwa kipaza sauti, na halikunifaa kitu, kwa sababu safari hii mwenye kosa nilikuwa mimi. Nilisimama na aproni yangu nikapokea pole!

Kabla keki haijakatwa, babu alishikwa na tumbo. Wakamkimbiza zahanati, na Sifa akaondoka naye akiwa na gauni lake la sendofu, akakaa naye huko mpaka sherehe ikaisha bila yeye. Babu alilazwa siku tatu, akapona. Ndoa ilifungwa. Elia ndiye aliyemuuguza, na wakwe wanampenda kuliko kabla. Hata hapo amenishinda! Mpaka leo sijui nilimchukia zaidi lini, aliponicheka au aliponitetea.

Mama alikuwepo. Katikati ya vurugu ile alikuwa amevuta kikombe kwenye bomba, akaonja. Tulipokuwa kwenye bajaji tukirudi aliniuliza mara moja tu.

"Mpira uliubadilisha?"

Nikaangalia nje. Hakurudia kuuliza.

Wewe unayesoma, kama una Elia wako, sikuambii umsamehe, maana mimi mwenyewe sijamsamehe. Nenda kamtukane mlangoni kwake, mshitaki kwa mtendaji, mseme mtaa mzima ujue. Lakini usipitishe hasira yako kwenye kitu ambacho mtu anatia mdomoni. Uliyemkusudia hatakinywa. Atakinywa mwenye adabu.

Biashara yangu imekua, kwa sababu Elia alinisafisha mbele za watu. Mama hajamwambia mtu yeyote. Asubuhi nikimpelekea uji anaupokea kwa mikono miwili, anasema asante mwanangu, anauweka kando. Nikishatoka, anawasha jiko anapika wake.